Mama anaamini maji ya Gastein yatamrudishia magoti yake

BARUA

Mama mshauri, shikamoo.

Mimi ni mtu wa Tanga, nina miaka 36, naishi Munich nchini Ujerumani. Kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Sijaolewa na sina mtoto. Baba ametangulia mbele ya haki. Mama anakaa Tanga kwa kaka yangu, pamoja na wifi na watoto wao.

Mama ana miaka 68 na magoti yanamtesa. Daktari alimwambia gegedu imelika na mifupa inasagana. Anameza dawa za maumivu, na za presha pia. Hatembei bila mkongojo, na siku hizi anaswali akiwa amekaa kwenye kiti. Hilo la kiti linamuuma kuliko magoti yenyewe. Msikitini anajiweka nyuma kabisa asionekane.

Nimeweka akiba ili aje kunitembelea kiangazi kijacho. Sasa kuna bibi mmoja wa Kijerumani ninayemhudumia kazini. Alinisimulia kwamba zamani yeye na mumewe walikuwa wakienda kila mwaka Bad Gastein, mji wa milimani Austria, kuoga maji ya moto. Alinionyesha picha: mahoteli marefu yameng'ang'ania kingo za korongo, na maporomoko ya maji yanashuka katikati ya mji. Akanieleza pia habari za handaki lililo karibu na hapo, Heilstollen. Watu wanaingizwa ndani ya mlima kwa treni ndogo, wanalala kwenye vitanda kwenye joto kali na kuvuta hewa yenye gesi ya radoni. Anasema mumewe aliingia akichechemea na kutoka anatembea.

Nikamsimulia mama kwenye simu. Tangu siku hiyo hana wimbo mwingine. Ujanani alikuwa akienda maji moto ya Galanos, ile chemchemi ya kiberiti nje kidogo ya Tanga, na kwake yeye maji yanayotoka ardhini yakiwa moto ni dawa, halina mjadala. Ameshatangaza kwenye kundi la WhatsApp la ukoo na kwa wenzake wa kikoba kwamba mwanawe anampeleka Ulaya kutibiwa, na akirudi mkongojo atamwachia mjukuu achezee. Ananiambia, "Mwanangu, maji nitaoga, lakini mimi nataka kuingia mlimani."

Kaka yangu amekasirika. Anasema fedha za kwenda kulowekwa kwenye maji ya Wazungu zingetosha kuanzia matibabu ya kweli Dar, apimwe vizuri na ijulikane kama goti ni la kubadilishwa. Aliniandikia maneno mazito: "Wewe unanunua picha, mimi nabaki na mgonjwa." Sijamjibu mpaka leo.

Mimi mwenyewe nina hofu zangu. Nimesoma kwamba radoni ni gesi yenye mionzi. Nina hofu ya presha yake kwenye joto lile. Halafu lipo suala la stara. Mama ni mtu wa buibui, na hapa sauna watu wanaingia uchi, wanaume kwa wanawake, na ukivaa nguo ndiye unayeshangaliwa. Mama yangu amekuwa somo wa wasichana wengi Tanga, ni mwanamke anayeheshimika, nami siwezi kufikiria kumsimamisha mbele ya watu wa namna hiyo.

Likizo yangu ni fupi, kwa hiyo Gastein tungekaa siku nne au tano tu. Nikisema hatuendi, nimemvunja moyo na kumtia aibu mbele ya ukoo. Tukienda na magoti yakabaki vilevile, itakuwaje? Na nikimruhusu aingie handakini kisha likatokea la kutokea, kaka hatanisamehe, nami sitajisamehe. Kusema kweli nilitaka sana safari hii. Nimechoka, sijapumzika tangu nije huku.

Nifanyeje?

Binti wa Tanga, Munich

JIBU

Marahaba, mwanangu. Habari za baridi huko?

Nimeisoma barua yako nikaona mambo manne yamefungwa kwenye kanga moja: magoti ya mama, fedha anazozilalamikia kaka, stara, na uchovu wako wewe, ambao umeutaja mwishoni kwa sentensi mbili kisha ukauacha hapo. Yote yana haki ya kusikilizwa. Ila ukiyajibu kwa neno moja la "twende" au "tusiende", mengine yatabaki yakikudai. Kwa hiyo nivumilie nilifungue fundo moja moja, tena si kwa mpangilio uliouandika wewe.

Nianze na mji wenyewe. Bad Gastein uko mita kama 1,000 juu ya usawa wa bahari, chini ya Lushoto kwa urefu. Watu wamekuwa wakiufuata kwa ajili ya maji kwa karne nyingi. Paracelsus, yule tabibu wa karne ya 16, aliyaandika. Maji yanatoka ardhini yakiwa na joto linalofika nyuzi 46 hivi, lita kama milioni 5 kwa siku, na yanapelekwa kwa mabomba mpaka ndani ya mahoteli. Reli ilifika mwaka 1905, na baada yake yakaja mahoteli makubwa kama lile la Grand Hotel de l'Europe, lililofunguliwa 1909. Na sisi wa upande huu wa bahari tuna mgeni mmoja wa mji huo ambaye tunamjua kwa njia nyingine. Kaisari Wilhelm wa Kwanza wa Ujerumani alikuwa akija Gastein karibu kila kiangazi kuoga, mpaka wakaipa njia yao ya matembezi jina lake. Huyohuyo, Februari 1885, ndiye aliyetia saini hati ya ulinzi iliyoipa kampuni ya Carl Peters kibali cha kutawala nchi zetu huku bara. Mama yako akipumzika kwenye benchi la njia ile, anayo haki ya kukaa kwa raha zake zote.

Nakupa habari hizi kwa sababu ya jambo moja. Mji ule tangu zamani umekuwa na wageni wa aina mbili, mgonjwa na mtembezi, na mara nyingi mtu mmoja alikuwa vyote viwili. Wafalme walikwenda kwa ajili ya viungo vyao, wakaishia kula, kupunga upepo na kupanga siasa. Lakini wale waliokwenda kutibiwa walikaa wiki tatu, si siku nne. Mpaka leo mpango wa tiba wa pale, uwe wa maji au wa handaki, hupangwa kwa wiki mbili, tatu hata nne, na mtu huingia handakini mara kadhaa, akipumzika siku kati ya zamu na zamu. Yule bibi yako wa kazini aliyekwenda kila mwaka na mumewe, hebu muulize walikuwa wakikaa muda gani, na walilipiwa na nani. Wazee wengi wa Austria na Ujerumani hupelekwa kwenye miji ya maji kwa cheti cha daktari, na bima zao zikachangia. Bima ya safari ambayo mama atakata kwa ajili ya visa ni ya dharura. Haiendi mahali pa namna hiyo.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwako ni hili: siku hizo nne au tano ulizopanga, umepanga kumpeleka mgonjwa au mtembezi? Kama ni mtembezi, zinatosha kabisa. Kama ni mgonjwa, ni haba hata kwa wale wanaoamini tiba hiyo kwa moyo wote.

Sasa handaki. Lilichimbwa miaka ya 1940 kutafuta dhahabu kwenye mlima wa Radhausberg. Dhahabu ya maana haikupatikana, lakini wachimbaji wakaanza kusema maumivu ya viungo yanawapungua. Wanasayansi wakaja kupima, wakakuta joto, unyevu na radoni, na miaka ya 1950 likafunguliwa kwa wagonjwa. Ndani kuna joto la nyuzi 37 hadi 41 na kidogo, na hewa imelowa. Chukua mchana wa Februari wa Tanga usio na upepo, kisha ufunge mlango. Mtu analala humo kama saa moja.

Kuhusu radoni, hofu yako si ya kijinga. Ni gesi yenye mionzi, na Shirika la Afya Duniani huitaja kuwa miongoni mwa visababishi vikuu vya saratani ya mapafu baada ya sigara, hasa kwa watu wanaoivuta majumbani kwao mwaka hadi mwaka. Wanaoitetea tiba hiyo husema kipimo cha handakini ni kidogo na cha muda mfupi, na sehemu kubwa ya gesi hutoka mwilini ndani ya saa chache. Madaktari wengine hawaridhiki na hoja hiyo. Wanauliza kwa nini mtu ajitie kwenye mionzi ilhali joto peke yake linalegeza viungo. Kuna utafiti wa Waholanzi uliochapishwa 2001 ambao naupenda kwa uaminifu wake. Walichukua wagonjwa wa uti wa mgongo unaokakamaa, kundi moja wakalipeleka bonde la Gastein kwa wiki tatu, wakafanya mazoezi na kuingia handakini. Kundi jingine walilipeleka kwenye mji wa maji wa huko kwao Uholanzi, ambako handaki hakuna. La tatu likabaki nyumbani na matibabu yake ya kawaida. Makundi yote mawili yaliyosafiri yalipata nafuu ya miezi kadhaa kuliko waliobaki. Lile la Gastein lilionekana kufaidi zaidi kidogo, lakini hata wale wasiovuta radoni walirudi nyumbani wakiwa afadhali. Uhesabu pia kwamba ule ulikuwa ugonjwa wa uti wa mgongo. Gegedu ya goti iliyokwisha kulika ni kitu kingine, na hakuna maji wala gesi inayoiotesha upya. Kinachoweza kupungua ni maumivu. Hilo nalo si dogo kwa mtu asiyelala usiku, ila silo mama alilowatangazia wana kikoba.

Na presha? Hapa sina nafasi ya kukubembeleza. Kwenye lile handaki mtu haingii mpaka aonane na daktari wao kwanza, na mwenye matatizo ya moyo au presha isiyotulia anaweza kurudishwa mlangoni. Hebu ifikirie asubuhi hiyo. Mama amesafiri kutoka Tanga, amevaa vizuri, ukoo mzima unasubiri picha, na daktari asiyemjua, kwa lugha asiyoielewa, anatikisa kichwa. Wewe ndiye utakayemtafsiria hiyo "hapana". Naona uchungu wa dakika hiyo ni mkubwa kuliko uchungu wa kumwambia leo, akiwa nyumbani kwake amekaa kitini, wajukuu wako karibu.

Ndiyo maana, kabla ya kufikiria Austria, ningetamani kuona karatasi kutoka Tanga: presha yake imekuwaje miezi ya karibuni, anameza dawa zipi na kiasi gani, picha ya magoti inasemaje, moyo umepimwa lini. Daktari anayemjua aulizwe wazi kama joto la nyuzi 40 kwa saa nzima linamfaa, na kama safari ndefu ya ndege inamfaa. Akisema halimfai, utakuwa umeondolewa mzigo wa kuwa wewe uliyemkataza. Akisema linamfaa kwa tahadhari, bado uamuzi ni wa mama mwenyewe. Ana miaka 68, akili yake timamu. Tunapowapenda wazazi wetu waliozeeka huwa tunateleza taratibu mpaka tunawageuza watoto, na wewe ambaye kazi yako ni kulisha na kuvisha wazee una hatari hiyo zaidi yetu sisi.

Hilo linanipeleka kwenye stara, ambapo nakuomba unisamehe nitabasamu kidogo. Umeniambia mama yako ni somo. Mwanamke aliyewafunda wasichana wa Tanga ameona na kusema mambo ambayo mimi na wewe tungeinamisha macho! Sidhani kama mwili wa mtu utamtisha. Kitakachomuudhi ni kukosewa adabu, kupelekwa mahali bila kuambiwa mapema kulivyo. Je, umemuuliza? Kwenye barua yako umesema huwezi kulifikiria, lakini hujasema yeye alisemaje.

Tena mambo si magumu kama unavyoyaona. Kwenye mabwawa ya maji ya moto, kama yale ya Felsentherme yaliyo ng'ambo tu ya stesheni ya treni, watu huvaa nguo za kuogelea. Uchi ni wa upande wa sauna, nao umetengwa, asiyetaka haendi. Vazi refu la kuogelea la Kiislamu, uliza kwa barua pepe kabla ya kwenda, maana kila bafu lina kanuni zake na hutaki kubishana mlangoni. Pia mahoteli mengi ya pale yana vyumba vyao vya kuogea maji hayohayo, beseni la mtu mmoja, mlango unafungwa. Hapo mama anaweza kujilowesha akiwa na Mola wake tu. Mwambie mapema kwamba maji ya Gastein hayanuki. Aliyezoea kiberiti cha Galanos anaweza kudhani wamempa maji ya bomba yaliyochemshwa, na nawajua wazee wa Tanga, hatanyamaza.

Kaka yako sasa. Maneno yake yalikuwa makali, na yamekuchoma kwa sababu yana ukweli ndani yake, ingawa si ukweli wote. Yeye ndiye anayemsikia mama akigugumia alfajiri, anayetafuta bajaji ya kumpeleka kliniki, anayejua dawa zimebaki ngapi. Ukimsoma kwa makini, hasemi mama asifurahi. Anasema yeye amebaki peke yake. Labda jibu analolisubiri si hesabu ya fedha. Labda anasubiri umwambie kwamba unaona anachokifanya kila siku.

Lakini na yeye ana la kuulizwa. Fedha zikitumwa, zitakwenda Dar kweli, kwa daktari wa mifupa, kwa tarehe inayojulikana? Au zitakutana na ada za shule na bati zinazovuja, mambo ambayo nayo ni ya kweli, kisha mwaka ukapita na mama hajapimwa wala hajasafiri? Mwombe akuulizie gharama kamili: kumwona bingwa, picha, na goti likibidi kubadilishwa, kiasi gani na foleni ya muda gani. Ukiziweka tarakimu hizo kando ya gharama za Gastein huenda ukagundua kwamba mnagombana juu ya vitu ambavyo havigombani. Siku chache za hoteli haziwezi kulipia upasuaji wa goti. Zinaweza kulipia uchunguzi wa awali na zikabaki, na pengine mama akapimwa Dar kabla hajapanda ndege, maana huenda ndege yenyewe akaipandia hapohapo Dar. Au huenda ukagundua kwamba kweli hazitoshi kwa yote mawili. Hapo itabidi kuchagua, na atakayekosa atakosa. Sitaki kukudanganya kwamba kila fundo lina njia ya kuridhisha wote.

Ipo na njia nyingine ambayo sijui kama umeifikiria. Kama unachotaka ni kumwonyesha mama milima na mji wa maji, si lazima iwe Gastein. Gastein kwenyewe ni kuzuri, ila ni mji wa miinuko na ngazi. Stesheni iko juu, maporomoko na uwanja wa kale viko chini, na kwa magoti kama yake kila matembezi yatakuwa hesabu. Ile njia ya Kaisari Wilhelm ni tambarare kiasi, na magari ya nyaya ya kupandia mlima wa Stubnerkogel yako karibu na stesheni, lakini kule juu ni mita zaidi ya 2,200, kwa hiyo na hilo liende kwa daktari. Hoteli ikae upande wa stesheni na iwe na lifti, vinginevyo utambeba. Upande wenu wa mpaka, ndani ya Bavaria, kuna Bad Reichenhall, mji wa kale wa maji ya chumvi, nao uko chini ya milima ileile ya Alpi, karibu zaidi na Munich, na katikati yake ni tambarare. Bustanini kuna ukuta mrefu wa vijiti vya miiba, urefu wa mita kama 160, uliojengwa mwanzoni mwa karne ya 20. Maji ya chumvi yanachuruzika juu ya vijiti, na watu wanakaa pembeni wakivuta ule unyevu. Mtu wa Tanga atajua harufu hiyo ni ya nini. Magoti hayatapona pale pia, ila hakuna radoni, na hakuna daktari wa kumrudisha mlangoni.

Hasara yake ni kwamba silo jambo alilolitangaza. Mama anataka kuingia mlimani, na huenda kwake kuingia mlimani kuna maana nyingine usiyoijua. Muulize. Usimuulize kuhusu magoti, yamekwisha kuulizwa sana. Muulize anaiona vipi hiyo safari akilini mwake: nani yuko naye, anakula nini, anafanya nini asubuhi. Akikwambia anajiona amesujudu chini kama zamani, ujue tumaini lake liko kwenye mwili, na hapo unadaiwa ukweli wote kuhusu gegedu, bila kupunguza. Akikwambia anajiona yuko na wewe, basi mlima ni kisingizio chake cha heshima. Wazazi wetu wengi hawawezi kusema "nimekukumbuka, nataka kukaa na wewe", hasa kwa mtoto ambaye amewasemea watu kuwa ana kazi kubwa Ulaya. Ugonjwa huwapa ruhusa ya kuomba. Sisemi ndivyo ilivyo kwa mama yako, mimi simjui. Wewe unamjua.

Kuhusu lile tangazo la WhatsApp, usilibebe wewe. Mama alilitangaza, mama anaweza kulirekebisha, na wanawake wa kikoba si mahakama. "Nimekwenda kwa mwanangu, tumeoga maji ya moto, nimepumzika" ni habari ya kutosha kabisa kwa mtu anayerudi kutoka Ulaya. Akiamua kuipamba, atapamba.

Nimekuacha wewe mwisho, kama ulivyojiacha mwenyewe. Unahudumia wazee kwa mshahara, na likizo yako yote umeipanga kumhudumia mzee kwa mapenzi. Kuna radhi ndani yake, siibezi. Lakini kumwogesha, kumtafsiria, kumshika mkono kwenye ngazi, kuamka usiku kuangalia presha, hiyo ni zamu nyingine ya kazi, tena isiyo na mtu wa kukupokea. Je, ungethubutu kuwa na siku moja ndani ya likizo hiyo ambayo ni yako? Mama anaweza kukaa hotelini na chai na dirisha linalotazama milima wakati wewe uko kwenye maji peke yako. Pengine yeye ndiye atakayekusukuma uende. Na ikitokea safari imeahirishwa, kwa sababu ya daktari au ya Dar, usiiahirishe na sehemu yako. Treni ya kutoka Munich kwenda Gastein huchukua saa tatu hadi nne. Kwenda peke yako kwanza, ukaone zile ngazi kwa macho, ukaulize kanuni za mavazi kwa mdomo wako, si usaliti kwa mtu yeyote.

Ukianza na simu, ningeanza na ya kaka kabla ya ya mama, kwa sababu karatasi za daktari ni yeye atakayezifuata. Visa ya Schengen atakayopewa mama kwa Ujerumani inamfikisha na Austria, lakini abebe pasipoti yake hata kwa siku moja, maana polisi hukagua kwenye treni mpakani. Miadi ya visa hujaa mapema. Na hata Julai jioni za kule juu zinataka sweta, tena nzito.

Ukipata jibu la mama, niandikie.

Mshauri wako